Huyu Si Mama

Meseji iliingia saa nne usiku, nikiwa nimeshazima kompyuta. "Dada, nimeiangalia picha vizuri. Huyu si mama."

Alikuwa ameniagiza nimchoree marehemu mama yake. Alichokuwa nacho ni picha moja tu ya pasipoti, ndogo, aliyoipiga tena kwa simu ikiwa juu ya meza, mwanga wa dirisha ukameza upande mmoja wa shavu. Nilikaa na uso ule siku kumi na moja. Mikunjo iliyoshuka kutoka puani, kovu dogo juu ya nyusi, mtandio uliofungwa nyuma ya shingo: vyote nilivijua kiasi cha kuvichora nikiwa nimefumba macho. Nilipoilaza kazi yangu juu ya ile ya pasipoti, leya juu ya leya, yaani tabaka juu ya tabaka kwenye programu ya kuchorea, umbali wa jicho hadi jicho ulilingana, pua ililingana, kidevu kililingana. Na sasa mtu ananiambia, kwa maneno matatu, kwamba si yeye.

Niliandika jibu refu. Nilimkumbusha ubovu wa picha aliyonitumia, nikamkumbusha zile siku kumi na moja, nikamweleza kwamba sura ile nimeipima. Nashukuru sikulituma. Lililala kwenye simu hadi asubuhi, na asubuhi nikalifuta.

Naishi kwa kuchora kazi za kuagizwa, mwaka wa tisa huu. Sura za watu, majalada ya vitabu, wahusika wa michezo ya kompyuta. Katika miaka hiyo nimegombana na wateja, nimedhulumiwa, na mara moja mimi ndiye niliyedhulumu. Nitaieleza hapo chini bila kuipamba. Nimefika mahali ninaamini kwamba ugomvi wetu na wateja huanza siku ile ambayo mmoja ana la kusema akanyamaza. Pesa, mahakama, kuanikana mitandaoni, vyote huja baadaye. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika kazi yetu mshindo wenyewe huja kama ombi la kurudishiwa pesa.

Kugombania sura kama imefanana au haikufanana hakukuanza na simu. Februari 1654, mjini Amsterdam, mfanyabiashara Mreno aliyeitwa Diego d'Andrada alikwenda kwa mthibitishaji wa nyaraka kuandikisha malalamiko. Alikuwa ameagiza picha ya msichana fulani, akatanguliza gulden 75, na alipoiona akasema haifanani na msichana hata kidogo. Akataka irekebishwe kabla msichana hajasafiri. La sivyo mchoraji abaki na picha yake, na advansi irudi. Mchoraji huyo alikuwa Rembrandt.

Jibu la Rembrandt lingefaa kubandikwa ukutani kwa kila mchoraji. Alisema hataigusa tena picha ile mpaka alipwe kiasi kilichobaki au apewe dhamana ya malipo. Akishaimaliza, ataipeleka kwa viongozi wa Chama cha Mtakatifu Luka, chama cha wachoraji wa mji, waamue kama imefanana. Wakisema haijafanana, ataisahihisha. Na mteja asiporidhika hata hapo, basi ataishikilia mwenyewe, aimalizie kwa wakati wake, aiuze siku atakapofanya mnada wa picha zake.

Wakati huo Rembrandt alikuwa amelemewa na madeni. Miaka miwili baadaye, 1656, alitangaza kufilisika. Kwa hiyo namwelewa anaposema pesa kwanza. Namsifu zaidi kwa kufungua mlango wa kutokea, maana tangu siku ile kila mmoja alijua ikiwa hivi itakuwaje, na ikiwa vile itakuwaje. Lakini kuna kitu katika jibu lile hakinikai sawa, nami nakisema kwa heshima zote kwa fundi mkubwa kama yule. Viongozi wa chama wangeweza kupima pua na macho. Wangejuaje msichana alivyokuwa machoni pa mtu aliyetaka picha yake ibaki wakati mwenyewe anaondoka?

Asubuhi ile nilimwandikia mteja wangu swali moja: "Mama alipokuwa amefurahi, uso wake ulikuwaje?"

Akanijibu kwa sauti, dakika nne nzima. Alianza kwa tahadhari, kama mtu anayejua anakwenda kubishana, kisha sauti ikalegea. Mama yake alikuwa na mwanya. Akianza kucheka, mdomo ulipanda kwanza upande wa kushoto, kama mtu aliyekumbuka kitu, ndipo ukafunguka. Kwenye picha ya pasipoti aliambiwa afunge mdomo, kama tunavyoambiwa sote. "Mimi mama sijawahi kumwona amefunga mdomo hivyo," alisema, "isipokuwa ile siku ya mwisho."

Hapo nikaelewa nilichomtumia. Niliinyanyua kona ya kushoto ya mdomo kwa kiasi cha unene wa uzi, nikaiacha midomo iachane kidogo, mwanya uonekane kwa mbali. Shavu la kushoto likabidi lipande nalo, na ngozi ya chini ya jicho ikajikunja kidogo. Haikufika saa nzima. Nikatuma. Zikapita saa mbili bila neno, kisha likaja moja: "Ndiye."

Kosa lilikuwa la nani? Nimelifikiria sana hilo. Picha niliyopewa ndiyo niliyoichora, kwa hiyo mtu angesema nilikuwa salama. Lakini nilikuwa nimeruka hatua ya rasimu kwa sababu niliona picha inajieleza. Ningemtumia michoro mitatu ya penseli, dakika kumi kila mmoja, angeniambia siku ya pili kile alichoniambia siku ya kumi na moja. Naye alikuwa na wasiwasi tangu nilipomwonyesha kazi ikiwa katikati. Alikiri baadaye kwamba aliona kitu hakijakaa, akaogopa kuonekana ananifundisha kazi yangu. Mimi niliruka, yeye akanyamaza, na wote wawili tulikuwa na nia njema kabisa.

Wateja wengi hawana maneno ya kusemea wanachokiona. Wanasema: "Sijui, ila kuna kitu." Wachoraji tunaichukia sentensi hiyo. Tunaisikia kama tusi, au kama mtu anayetafuta upenyo wa kutolipa. Mimi siku hizi nikiisikia naweka kalamu chini, kwa sababu aliyeisema amenitendea wema: amesema mapema. Kilichobaki ni kumsaidia apate neno lake. Namuuliza akifungua picha jicho lake linakimbilia wapi kwanza. Namwomba afunike sehemu za picha kwa kidole, moja baada ya nyingine, aniambie ni ipi ikifunikwa anapumua. Kumuuliza kama anapenda au hapendi hakufiki popote. Mteja mmoja alikuwa akilalamika kwamba askari niliyemchorea hana nguvu. Nikamwongezea misuli siku mbili nzima, na bado hana nguvu. Tulipofanya mchezo wa kidole tukagundua tatizo ni kiganja: askari alikuwa ameshika mkuki kama mtu aliyeshika mwavuli. Nilibadilisha vidole vinne tu, misuli ile yote nikaiondoa.

Haya yote yanahitaji mteja anayetaka picha. Wapo wasiotaka picha, wanataka kuendelea kubadilisha. "Kidogo tu, dada." Kidogo tu ya kwanza ni nywele, ya pili ni mandhari, ya tano ni kurudi kwenye nywele za mwanzo. Niliwahi kufika marekebisho kumi na saba kwa jalada moja, kwa bei ileile, kwa sababu sikuwahi kusema yanaishia wapi. Nilimkasirikia mtu yule kwa muda mrefu. Leo nikiyapitia yale mazungumzo yetu naona kwamba kila alipoomba nilijibu "sawa", na hata mara moja sikumwambia kwamba nimechoka au kwamba hii sasa ni kazi mpya. Angejuaje?

Maandishi yamenitoa huko. Siandiki mkataba mrefu. Ukurasa mmoja unatosha. Mtu akiniambia "sisi tunaaminiana bwana," namjibu ndiyo maana tunaandikiana sasa hivi, tungali tunaaminiana. Ukurasa unasema picha ni ya nini na itatumika wapi, ukubwa wake, itakamilika lini, rasimu ngapi, marekebisho mangapi, malipo yanagawanywaje, na itakuwaje mmoja wetu akijitoa njiani. Hilo la mwisho wengi huliacha wakiona ni kujitabiria mabaya, na ndilo linalotafutwa kwa udi na uvumba mambo yakiharibika.

Kwenye marekebisho nimejifunza kutenganisha vitu viwili. Nikichora vidole sita, au nikapaka njano pale tulipoandikiana buluu, hilo ni kosa langu na halihesabiwi popote. Lakini kama tulikubaliana gauni jekundu, nikakuonyesha rasimu ya gauni jekundu, ukasema safi, kisha nikiwa kwenye vivuli unataka la kijani, umebadili mawazo. Ni haki yako kabisa. Ina bei, na bei hiyo tuliiandika tukiwa bado tunacheka.

Malipo nayagawa. Nusu kabla ya penseli kugusa karatasi, robo rasimu ikikubaliwa, robo ya mwisho kabla sijakabidhi faili kubwa. Mpaka hapo mteja huwa anaona picha ndogo yenye jina langu limepita katikati. Wapo wanaohisi huko ni kuwadharau. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa naye hajanipa pesa yote kwa picha ambayo hajaiona. Kila mmoja ameshika kitu cha mwenzake. Akijitoa kabla sijaanza, narudisha yote. Akijitoa baada ya rasimu, ile nusu ya kwanza inabaki kwangu, maana kufikiri kote hufanyika kwenye rasimu; rangi huja kufuata. Nikijitoa mimi, kwa sababu yoyote ile, narudisha kila senti na rasimu namwachia.

Kuhusu rasimu nina kidonda. Mteja mmoja alilipa ile nusu, akaipokea rasimu, akaisifu, akapotea. Mwezi mmoja baadaye nikaiona picha yangu mtandaoni imekamilishwa na programu ya akili mnemba. Mikunjo ya nguo ilianzia mahali na kuishia pasipo na mwili. Mkao ulikuwa wangu mtupu, hadi kisigino cha kulia nilichokuwa nimekikosea na kupanga kukirekebisha kwenye hatua ya mistari. Kosa langu lile ndilo lililonipa ushahidi. Niliziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, nikamwandikia kwa adabu kwamba ama alipe kiasi kilichobaki kwa bei tuliyokubaliana, ama aiondoe. Akaiondoa usiku uleule, bila kunijibu. Pesa sikuipata. Lakini nilijifunza kuandika wazi kwamba rasimu ni ya kuangalia na kutoa maoni, na haiingizwi kwenye programu yoyote wala kukabidhiwa mtu mwingine bila ruhusa yangu.

Sheria hapo ilikuwa upande wangu hata bila sentensi hiyo. Chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini 1886 na ambao leo nchi nyingi za dunia zimo, haki ya mchoraji haisubiri usajili. Mchoro ukishakuwepo, haki ipo. Jambo ambalo wateja wengi hulisikia kwa mshangao ni kwamba kununua picha hakumaanishi kununua hakimiliki yake. Sheria hutofautiana, na zimekuwa zikibadilika. Uingereza, kwa sheria ya 1956, aliyeagiza na kulipia picha ya sura ya mtu ndiye aliyekuwa na hakimiliki. Sheria ya 1988 ikageuza mambo, hakimiliki ikabaki kwa mchoraji isipokuwa kama wameandikiana vingine. Mteja aliyelipia picha ya kutundika sebuleni kisha akaichapisha kwenye fulana za kuuza si lazima awe mwizi. Mara nyingi hakuna aliyemwambia. Nimewahi kuwa na kesi ya aina hiyo na iliisha kwa simu moja: nilimpigia, nikamweleza, akaomba radhi, akalipia matumizi ya fulana.

Na kuna haki ya kukataa kukabidhi kazi, ambayo wachoraji wenye hasira hupenda kuitaja. Ilipata jina kwa kesi ya mchoraji James McNeill Whistler. Mwaka 1894, jijini Paris, Sir William Eden alimwagiza amchoree mkewe. Bei iliyotajwa ilikuwa kati ya ginea 100 na 150, fedha ya Uingereza ya wakati ule, na Eden akamkabidhi bahasha yenye hundi ya ginea 100, kiwango cha chini. Whistler aliona amedhalilishwa. Hundi akaitumia, picha akakataa kuitoa, na baadaye akaufuta uso wa mama yule kwenye turubai. Shauri lilizunguka mahakama za Ufaransa hadi 1900. Mwisho wake, Whistler hakulazimishwa kuikabidhi picha, lakini ilibidi arudishe pesa na kulipa fidia, tena asiitumie picha ile kwa faida yake. Wachoraji hukumbuka nusu ya kwanza ya hukumu. Mimi hukumbuka ile ya pili. Ukishika kazi, huwezi kushika na pesa. Na kama ginea 100 zilikuwa chache, kwa nini alikubali tangu mwanzo bei yenye ncha mbili, kila mmoja akashika ncha yake? Tangu nilipoijua kesi ile sitaji tena bei ya "kati ya hii na ile".

Kwa pesa zinazopita mtandaoni kuna mlango mwingine wa ugomvi ambao vijana wanaoanza hawaujui hadi uwafungukie. Mteja aliyelipa kwa kadi au PayPal anaweza kulalamika kwa benki au kwa kampuni, na pesa uliyokwishaitumia ikavutwa kutoka kwenye akaunti yako. PayPal humpa mnunuzi siku 180 tangu alipe. Ni karibu miezi sita, muda wa kutosha kwa wewe kuwa umeshafuta mazungumzo. Anayekuamulia hapo hajui lolote kuhusu sanaa, hatatazama kama mdomo umekaa vizuri. Atatazama makubaliano, tarehe, na uthibitisho kwamba ulituma na mwenzako akapokea. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kila oda ina folda yake: ukurasa wa makubaliano, ankara, rasimu zote zenye tarehe, meseji ya "nimekubali rasimu" kama skrinishoti, barua pepe ya kukabidhi. Mteja akinipigia simu tukazungumza mabadiliko, nikikata simu namwandikia mistari miwili: tumekubaliana hivi na hivi, nisahihishe kama nimekosea. Faili lenye leya zake silifuti kamwe, na Procreate, programu ninayochorea, yenyewe hurekodi video ya uchoraji tangu mstari wa kwanza. Video hiyo imeshaniokoa mara mbili mbele ya watu waliodai kazi yangu imetengenezwa na mashine.

Makampuni yanayochelewesha malipo yanahitaji makala yake. Niseme tu kwamba sheria zimeanza kuamka. Jiji la New York lilipitisha sheria iliyoanza kutumika 2017, kwamba kazi ya mtu wa kujitegemea yenye thamani ya dola 800 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama tarehe ya malipo haikutajwa, alipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kazi.

Sasa la kwangu.

Mwandishi mmoja alinipa kazi ya michoro kumi na miwili ya kitabu cha watoto. Alilipa nusu siku ileile, bila kuomba punguzo, na akaniandikia maelezo ya kila ukurasa kwa upendo wa mtu aliyekaa na hadithi yake miaka. Nilichora minne. Kisha nikaugua. Siku tano za kwanza nilikuwa mgonjwa kweli. Zilizofuata nilikuwa naona aibu. Meseji yake ya kwanza ilinikuta kitandani nikasema nitamjibu nikipata nafuu, niwe na mchoro wa kumwonyesha. Ya pili ilinikuta nimepona lakini sina mchoro. Ya tatu sikuifungua, nisije nikaonekana nimeisoma. Kila siku niliyokaa bila kujibu iliongeza ukubwa wa jibu nililodaiwa, hadi likawa kubwa kuliko michoro minane iliyobaki.

Tena pesa yake nilikuwa nimeshaila. Watu wa fani hii tunalijua vizuri na hatulisemi hadharani. Advansi ni pesa ya kazi ambayo bado haijafanyika, lakini ikiingia inafanana na pesa nyingine yoyote. Inalipa kodi. Mwezi unaofuata kodi inarudi, unafungua nafasi za oda mpya ili upate advansi mpya, na sasa una watu sita wanaosubiri na wa saba ndiye anayekulisha. Kutoka nje ni kana kwamba mchoraji ni tapeli. Ndani ni mtu anayekimbia kulipa jana kwa pesa ya kesho. Naandika haya kwa ajili ya yule aliyemo humo sasa hivi: funga oda leo, kabla hujalala, na kesho andika kwa wote sita. Mteja aliyesubiri miezi ana haki ya hasira yake, lakini wengi wao hasira zao ni ndogo kuliko unavyoziwazia usiku.

Meseji ya tano ya mwandishi yule ilisema: "Dada yangu, kama hali ni ngumu niambie tu. Sikudai leo. Ninachohitaji ni kujua." Nilimjibu wiki ya tisa. Nilimwambia ukweli wote, ugonjwa, aibu na pesa. Nikamwachia michoro minne bila malipo na nikamrudishia fedha zake zote kwa awamu tatu. Alikuwa ameshapoteza nafasi yake kwa mchapishaji. Alinishukuru kwa kusema ukweli, na hakunipa kazi tena, na sina kinyongo naye hata chembe.

Ndiyo maana napata shida na tabia ya kumwanika mtu mtandaoni, awe mteja au mchoraji, mara tu mambo yanapokwama. Tapeli wa kweli aanikwe, mwenye mtindo wa kuchukua rasimu na kutokomea atajwe ili wengine wapone. Lakini nimeona wachoraji wakibandika skrinishoti za mteja aliyeuliza mara mbili tu picha yake iko wapi, maelfu wakamcheka, na mtu yule alikuwa na haki ya kuuliza. Mazungumzo yakishakuwa na watazamaji hakuna anayeweza kusema "nilikosea" tena. Mwandishi wangu angeweza kunianika wiki ya nne. Asingekuwa mwongo.

Leo mezani kwangu kuna picha ya wazee wawili, mume na mke, iliyoagizwa na binti yao kwa ajili ya miaka hamsini ya ndoa. Ilitakiwa ikamilike jana. Asubuhi, kabla sijaanza kuandika haya, nilimtumia meseji pamoja na picha ya kazi ilipofikia: "Mikono yao bado hainiridhishi, hasa wa baba unavyoushika wa mama. Naomba hadi Ijumaa. Kama tarehe hiyo inakuharibia shughuli, niambie sasa tupange vingine." Amejibu saa sita mchana. Ijumaa ni sawa, shughuli ni wiki ijayo. Halafu akaongeza kwamba alikuwa anasita kusema, lakini baba yake hamshiki mama mkono hivyo, humshika kidole kimoja tu, cha shahada, tangu zamani.

Nimeshafuta mkono wote. Nachora kidole.